Chanjo Iliyomrudisha Mkunga Wodini

Siku yangu ya kwanza katika maabara ya hospitali, hapa Moshi, sikugusa darubini. Nilitoka nyumbani Pasua nimevaa shati langu la sikukuu ya Idi, nikapewa sufuria ya mchuzi wa nyama na unga wa mwani niuchemshe. Rojo hilo likiganda kwenye sahani za kioo huwa chakula cha vijidudu. Mkuu wa Maabara, Mwingereza mwembamba wa maneno machache, alisema ukitaka kumjua adui, mlishe kwanza. Baadaye nilihamishiwa Same kupima malaria. Niliporudi nilikuwa msaidizi kamili, na dawa mpya ya penisilini ilikuwa imeshafika.

Watu waliiamini mno. Kisha watoto wachanga wakaanza kutokwa na vipele vya usaha katika wodi ya wazazi, na mmoja akafariki. Tulipima pua na mikono ya wauguzi wote. Vijidudu vile vile vya watoto tulivikuta kwa mkunga Eliaichi, mama kutoka Uru, ambaye majipu yalikuwa yakimrudia vidoleni licha ya sindano za penisilini. Nilidondosha penisilini katikati ya sahani yenye vijidudu vyake. Vijidudu vya kawaida hukaa mbali na dawa. Vyake viliota mpaka ukingoni mwa tone. Huo ndio usugu.

Mganga Mkuu alimtoa wodini, akasema asipopona ataachishwa kazi. Mkuu wa Maabara hakubishana naye. Aliniita mezani.

“Dawa imeshindwa,” alisema. “Tuufundishe mwili wake kupigana.”

Tukaotesha vijidudu vya usaha wake, tukaviua kwa joto, tukahakikisha hakuna hata kimoja kilicho hai, tukamchoma sungura sindano ya chanjo hiyo kwanza. Sungura alikula majani yake kama kawaida. Nikaenda kumweleza mama Eliaichi. Baada ya shikamoo nilimwambia wazi kwamba huenda chanjo isifae.

Alitazama vidole vyake vilivyofungwa bandeji. “Mwanangu, bila mikono hii mimi ni nani? Nichomeni.”

Tulianza na kipimo kidogo, tukaongeza polepole. Mkono ulivimba, homa ikapanda, ikashuka. Majipu yalipungua, yakakoma. Tulimpima tena na tena, sahani zikabaki safi. Siku Mganga Mkuu alipozitazama mwenyewe kwenye mwanga wa dirisha, alisema tu, “Arudi kazini.” Mkuu wangu, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, alicheka mpaka akavua miwani.

Chanjo hiyo haikumfaa kila mgonjwa tuliyemtengenezea baadaye, na vijidudu vimejifunza kushinda dawa nyingi tangu hapo. Lakini vijana wa maabara wanaponijia katika uzee wangu huu wa kustaafu na kuniuliza ni kazi gani ninayojivunia, siwaonyeshi cheti. Nawasimulia asubuhi ile mke wangu alipojifungua binti yetu wa kwanza. Mama Eliaichi alitoka wodini amembeba, vidole vyake vilivyokuwa na majipu sasa laini, vizima. Nikanyoosha mikono kumpokea mwanangu.

Akarudi nyuma hatua moja. “Kanawe kwanza,” akasema.