Ng'ombe wa Papa

Baba yangu hakuwa na haja ya kuiona Roma. Alitaka kuwaona ng'ombe wa Papa.

Ilianza siku nilipomwambia kwa simu kwamba jumba la kiangazi la Mapapa, lile la Castel Gandolfo kwenye vilima nje ya Roma, siku hizi hata watu kama sisi wanaruhusiwa kuingia. Baba alikuwa katekista kule kwetu Trans Nzoia tangu kabla sijazaliwa, na jina la mahali hapo alilijua kwa redio. Miaka hiyo ya nyuma, kila kiangazi walipotangaza kwamba Baba Mtakatifu amesali Malaika wa Bwana pamoja na waamini, walisema yuko huko, hayuko Roma. Baba alidhani ni kijumba cha kupumzikia. Nikamwambia ni jumba zima, lina bustani zinazoshuka mtelemko kwa matuta, lina ziwa chini yake, na tena lina shamba.

"Shamba la nini?"

"Mizeituni, kuku, ng'ombe wa maziwa."

Akaniuliza ng'ombe hao ni wa aina gani.

"Baba, mimi ni nesi. Nitajuaje?"

"Si uulize."

Basi nikawa na kazi ya kuuliza. Nilikuwa nafanya kazi kwenye kliniki ya kusafisha damu pale Al Sadd, huku Doha, mashine zimepangwa safu, wagonjwa wamelala saa nyingi mkono mmoja umenyooshwa, na mimi napita katikati nikisoma vipimo. Mapumziko ya chakula nilikuwa nakaa kwenye chumba cha wafanyakazi na simu yangu, natafuta habari za bustani za Papa. Nilipanga hivi: likizo yangu ya mwaka ikifika sitaenda nyumbani. Baba atapanda ndege Nairobi, atashukia Doha, nitamdaka hapo uwanjani, tutaendelea pamoja hadi Roma. Nyumbani walinuna. Kwetu likizo ya mtu wa Ghuba ni mali ya ukoo mzima, na kuna watu walikuwa wameshajigawia siku zangu kabla sijakata tiketi. Baba ndiye aliyewanyamazisha. Aliwaambia nyumbani hapahami.

Mwenzangu wa chumba ndiye aliyenisaidia kupanga. Tulikuwa tunaishi Al Mansoura, katika chumba kilichokatwa kwa mbao kutoka kwenye sebule ya watu, vitanda viwili na friji ndogo katikati. Yeye ni Mmombasa, Mwislamu, na alikuwa mapokezi kwenye hoteli moja ya West Bay, kwa hiyo mambo ya kusafirisha watu alikuwa anayajua kuliko mimi. Alicheka sana nilipomweleza.

"Kumbe na huyo Papa wenu naye hukimbia joto? Basi hana tofauti na wageni wangu. Ikifika mwezi wa saba, hoteli yote nyeupe, hamna mtu, wote wako Ulaya."

"Siku hizi Mapapa wengine hawaendi."

"Ana jumba lenye ziwa na haendi? Mwambie anipishe mimi."

Lakini alikaa nami akanipangia. Alisema twende asubuhi, wazee hawawezi jua la mchana hata kama ni jua la Wazungu. Akaona kwamba kuna kigari cha kuzungusha wageni bustanini, akasema mzee mwenye goti bovu apande hicho. Mimi nilimwambia kwamba Baba hatakubali, atataka kutembea aguse miti. Tulibishana juu ya goti la baba yangu utafikiri ni letu sote.

Katika kutafuta huko nilikuta jambo moja ambalo sikumwambia Baba. Wageni wanaonyeshwa jumba na bustani. Zizi la ng'ombe, kwa jinsi nilivyosoma, si sehemu ya matembezi. Unaweza kubahatika ukawaona kwa mbali ukiwa kwenye kigari, unaweza usiwaone kabisa. Nikajisemea nitamwambia tukishafika, akiwa ameshaliona ziwa, moyo umeshajaa. Mara ya mwisho tulipoongea aliniuliza kama ataingia kwa Papa mikono mitupu, au abebe mahindi mabichi kidogo. Nikamwambia Baba, mahindi hayatapita uwanja wa ndege. Akasema basi Papa atakosa.

Hapo inabidi nieleze desturi yetu sisi watu wa Ghuba, maana bila hiyo mtu ataniona mjinga. Msiba ukitokea nyumbani, aliye huku haambiwi. Watu wa nyumbani humpigia kwanza rafiki anayeishi naye, na rafiki huyo anapewa mzigo wa kuukalia mpaka ipatikane siku nzuri, kana kwamba kuna siku nzuri. Sababu huwa zilezile: yuko mbali, yuko peke yake, ataacha kazi, atajidhuru, ruhusa hatapewa. Siku ikifika wenzake wanakusanyika chumbani kwake na chakula. Kwanza unalishwa. Hilo halina mjadala, kwa sababu ukishaambiwa hutakula tena kwa siku nyingi. Ndiyo maana kwetu mtu akikuuliza kwa upole "umekula?" na nyuma yake wamesimama watu wasio na kawaida ya kukutembelea, unajua kuna aliyekufa.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye kikao cha namna hiyo. Dereva mmoja Mganda alikuwa amefiwa na mkewe, sisi tukampikia pilau. Alikuwa ametoka kazini na njaa yake. Alikula vizuri, akatania mpishi, akaomba aongezewe, na sisi tukamwongezea. Mpaka leo nikiona mtu anaongezwa pilau huwa nageuza uso.

Kwa hiyo dalili nilikuwa nazijua. Na bado sikuziona.

Simu ya Baba iliharibika. Kaka yangu aliandika kwamba imeanguka kwenye ndoo ya maziwa, nami nikacheka, nikaona ni jambo la Baba kabisa. Tangu hapo majibu yote yalipitia kwa kaka. Nikiandika, "Muulize Mzee kama anataka kutembea au kigari," jibu lilikuja kesho yake: "Mzee anasema kigari." Nilishangaa kidogo, nikamwambia mwenzangu ameshinda. Nikiomba kuongea naye, Mzee ameenda jumuiya, Mzee amelala, Mzee yuko zizini na mtandao huko haushiki. Viza yake bado inashughulikiwa. Mama ndiye aliyekuwa anapokea simu nikipiga, na kila mara aliuliza habari za safari kuliko habari zangu. Bustani ina maua gani? Ziwa lina kina? Hiyo nyumba ya Papa ina kanisa ndani? Nilifurahi. Mama hakuwahi kujali safari hiyo, nikadhani Baba amemwambukiza.

Kule kliniki, jamaa wa mgonjwa akianza kumjibia kila swali, mimi humwomba atoke nje kidogo ili nimsikie mgonjwa mwenyewe. Nimefunzwa hivyo. Kwa baba yangu sikumwomba mtu yeyote atoke.

Kulikuwa na jambo lingine. Ndugu zangu wanapenda kuweka picha kwenye hali zao za simu: ndama amezaliwa, mtoto amekomunika, shangazi kavaa kitenge kipya. Ghafla hakuna aliyeweka kitu. Ukoo mzima kimya. Nikaona ni msimu wa palizi, watu wamechoka. Baadaye nilijua kwamba waliweka, na kila mmoja alinifungia mimi nisione, mmoja baada ya mwingine, hata watoto wa shule.

Na mwenzangu wa chumba aliacha kunitania. Nikifungua simu kumwonyesha picha ya bustani, anakumbuka ana kitu jikoni. Nikarudi jioni moja nikakuta amefua sare zangu na kuzipiga pasi. Nikamuuliza kulikoni, akasema, "Maji yalikuwa mengi tu, dada." Maji mengi, Doha. Na hilo nalo nikalikubali.

Ijumaa moja nilitoka kwenye Misa. Huku Ijumaa ndiyo Jumapili yetu, tunabanana kwenye eneo la makanisa pembeni mwa jiji, kisha kila mtu anatafuta basi lake kwenye joto. Nilikuwa nimemwombea Baba viza. Nakumbuka hivyo kwa sababu niliomba kwa kutaja na uso wake ulivyokuwa kwenye picha ya pasipoti, amekaza shingo kama mtu anayepimwa urefu.

Nilipofungua mlango, chumba kilikuwa kimejaa. Akina mama watatu wa kikundi chetu cha kanisa walikuwa wameketi kwenye kitanda changu. Ndiyo maana sikuwaona kwenye Misa. Mwenzangu alikuwa kasimama karibu na friji. Sakafuni kulikuwa na gazeti limetandazwa, na juu yake ugali, sukuma wiki, na nyama ya kukaanga.

"Umekula?" akauliza mwenzangu.

Nilibaki na mkono kwenye kitasa.

"Nani?" nikasema.

"Keti kwanza, mwanangu," akasema mkubwa wa wale akina mama. "Keti ule kidogo."

"Nimeuliza nani."

"Kula kwanza."

"Siyo Mama. Mama nimeongea naye jana." Nilijisikia nikihesabu watu wa kwetu kwa sauti, mmoja mmoja, nikiwatoa wale niliowasikia kwa masikio yangu. Sikuhitaji kufika mbali. Nilipomtaja Baba hakuna aliyesema kitu.

"Yuko hospitali?"

Mwenzangu alianza kulia. "Ashazikwa, dada," akasema. "Nisamehe. Mwezi uliopita."

Baba alianguka zizini asubuhi akikamua. Ilikuwa presha. Wakati wanamzika, mimi nilikuwa katika chumba hikihiki nikibishana kama anunuliwe kofia Doha au Roma, na huyu aliyekuwa akilia mbele yangu, siku ile ya mazishi alikuwa bado hajui. Alipigiwa siku ya pili yake. Haya nilielezwa pale pale. Walinieleza pia kwamba ni kwa ajili yangu, kwamba nisingepewa ruhusa, kwamba ningevuruga mashine za watu nikaua mgonjwa. Labda. Sikuwa na nafasi ya kushukuru mtu. Nilikuwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kabla wala baadaye, na ile nyama ilikuwa inanukia vizuri, na hilo liliniudhi zaidi.

Nilimpigia kaka yangu mbele yao wote.

"Wewe ndiye ulichagua kigari," nikamwambia.

Akavuta pumzi. "Wamekuambia."

"Wiki zote hizo. Mzee anasema, Mzee anasema. Si ungesema tu amenyimwa viza? Uongo mmoja ungetosha, yangeisha, ningeacha kupanga. Ulikuwa unafurahia?"

"Hata mimi nilitaka kusema hivyo, siz. Nilikuwa nimeshaandika. Mathe akakataa."

"Mama? Akakataa nini?"

"Alisema viza isinyimwe. Kila ukituma kitu kuhusu hiyo place, lazima nimsomee. Halafu anakaa anafikiria, ananiambia Mzee angejibu nini. Ile ya kigari si mimi. Alisema baba yako atajifanya anataka kutembea, lakini wewe andika kigari, goti linamuuma usiku na hamwambii mtu."

Nilitaka kukata simu. Kabla sijakata nikamsikia anasema, "Anaitaka simu," na ikabadilishwa mikono huko upande wa pili.

Mama hakusema pole. Hakuomba msamaha pia. Nilimsikia akipumua, na nyuma yake ndama akilia. Wale akina mama chumbani, walioanza kusali nilipopiga simu, walikuwa wameacha ili wasikilize. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, niliyokuwa nimeyapanga tangu kaka alipokuwa akiongea. Ningemuuliza nani alimpa ruhusa ya kunizikia baba. Ningemwambia nimemwombea maiti viza kanisani asubuhi hiyo hiyo.

"Mama," nikasema.

"Hukumalizia habari ya safari," akasema yeye. Sauti yake ilikuwa imekwaruza, ya mtu aliyekwisha kulia zamani. "Ulisema mkitoka bustanini. Halafu hukuandika tena. Mkitoka bustanini mnaenda wapi?"

Nikaihamishia simu sikio la pili.

"Ng'ombe," akasema. "Hao ng'ombe, atawaona?"

Mwenzangu alikuwa ananitazama. Yeye ndiye pekee chumbani aliyejua nilichokuwa nimesoma kuhusu lile zizi, kwa sababu tulikisoma pamoja. Niliketi sakafuni kando ya gazeti.

"Atawaona, Mama," nikamwambia. "Wanafungua asubuhi, kabla ya kukamua. Watamwacha aingie mpaka ndani."

"Ni wa aina gani?"

"Ni kama wetu."

"Sawa," akasema. "Sawa. Umekula?"