Nilivyomsaka Mwizi wa Maji ya Ndiva

Mpaka leo nikikumbuka, masikio yananiwaka moto. Nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu huko Uingereza, nikisomea sheria ya makosa ya jinai. Nikarudi likizo kwetu Shighatini na tai shingoni, utadhani gavana wa mkoloni ndiye aliyenituma.

Asubuhi ya tatu akaja Mzee Msuya, mgawaji wa maji, anahema. Kuna mtu amefungua ndiva, bwawa letu la kumwagilia, alfajiri. Zamu ilikuwa ya mjane mmoja, na maharage yake yanakauka.

"Shikamoo, mzee. Niachie mimi," nikasema. "Na huyo mwizi atozwe mbuzi wawili, hata awe nani!"

Wazee wa kijiji waliokuja naye wakaafiki, wamefurahi kweli kupata msomi. Nikawaambia tusimhoji mtu, tufuate mfereji tu, kwa sababu maji hayasemi uongo. Nikatangulia na daftari langu, kijiji kizima nyuma yangu. Tukapita migomba ya huyu na kahawa ya yule, mashamba yote makavu. Mfereji ulipokata kona nyuma ya kanisa, nikaitambua njia ya kwetu nyumbani.

Udongo uliolowa ulianzia kwenye magimbi ya mama yangu. Mwenyewe alikuwa katikati, jembe mkononi, matope hadi magotini.

"Mama! Ni wewe?"

Wala hakushtuka. "Mwanangu, si jana jioni ulitufundisha kwamba pasipo shahidi hakuna kesi? Mimi nilikwenda peke yangu."