Paka Aliyeletwa Siku ya Wageni

Juzi hapa Homa Bay nilimwona mtoto wa jirani amebeba paka mchanga kwenye katoni ya sabuni. Nilimtazama tu, sikuhisi kitu.

Mimi nililetewa wangu nikiwa mdogo, tukiishi Masara, karibu na machimbo ya dhahabu. Shangazi, dada yake baba, alimtoa nyumbani kwake mchana, akaniingiza naye jikoni.

"Akinyi, usimtoe nje, atapotea. Mzoeshe nyumba kwanza."

Macho ya shangazi yalikuwa mekundu. Nilidhani ni moshi.

Nilimtandikia leso kuukuu ya mama kando ya jiko. Nilimpa omena, akainusa, kisha akajificha nyuma ya gunia la makaa. Jikoni kulinuka samaki na mafuta ya taa. Nilikaa chini, nikanyoosha mkono na kungoja. Nje watu walizidi kuingia uani, nami nikafurahi kwamba wote wamekuja kumwona paka.

Mwishowe alitoka, akalala mapajani mwangu. Hapo wanawake wakapiga nduru. Paka akanikwaruza, akakimbilia nyuma ya gunia tena. Nikafungua mlango.

"Nyamazeni, mnamtisha!"

Wote wakanyamaza. Mama alikuwa ameketi chini katikati yao, bila viatu, akinitazama kama hanijui. Asubuhi ile shimo lilikuwa limemfukia baba, lakini mimi nilikuwa sijaambiwa.

Nikawaambia asante, nikafunga mlango, nikaanza kumwita paka upya.