Rais wa Kuleta, Rais wa Kurudisha

Donati alikuwa na njia moja tu ya kumpima rais: aliwatendea nini watu waliokimbia? Barabara alizojenga, vita alivyoshinda, sura yake kwenye noti, hayo aliwaachia wengine. Rais wa kwanza aliyemfahamu maishani, kule Burundi mwaka wa sabini na mbili, alituma lori kijijini kwao, baba yake akapandishwa, na mpaka leo hakuna ajuaye alifukiwa wapi. Donati alivuka mpaka mgongoni mwa kaka yake, Ferdinandi. Wakakulia ukimbizini, wakaoa ukimbizini, wakazeekea humohumo.

Mwaka 2007 Wamarekani walifika kambi ya Mtabila, Tanzania, kuwachukua wakimbizi wa sabini na mbili. Donati alikubali. Ferdinandi alikataa katakata.

"Marais ni walewale, mdogo wangu. Leo anakuita, kesho anakurudisha."

"Kule ni tofauti, kaka."

"Haya, nenda ukaone, kisha unisimulie. Mimi nabaki na mihogo yangu."

Basi Donati akaenda Marekani, mji wa Louisville, na mkewe Generoza na binti yao Florida, wakapangishiwa nyumba mtaa wa Beechmont. Tangu hapo akawa na kazi mbili: ile ya mshahara, na ile ya kumtafutia kaka yake ushahidi. Alitaka Ferdinandi akubali kuja kabla mlango haujafungwa. Hakutaka kingine.

Kazi ya mshahara ilikuwa kukata nyasi makaburini, na humo alilala rais mzima, Zachary Taylor. Donati alipiga simu siku hiyohiyo.

"Kaka, nafyeka kwa rais! Jenerali! Alikufa kwa tumbo, wanasema alikula matunda na maziwa baridi."

"Hata wao tumbo linawaua?" Ferdinandi alicheka. "Alikuwa na watumwa?"

Donati alikohoa kidogo. "Alikuwa nao. Wengi. Lakini hakutaka utumwa uenee kwenye nchi mpya."

"Ahaa. Mwizi asiyetaka wizi uenee. Tafuta mwingine."

Msimu wa nyasi ulipokwisha na mshahara ukapungua, familia ilihamia Whitehall, pembeni mwa mji wa Columbus, Donati akabeba maboksi ghalani. Mbele ya jengo la serikali mjini akakuta sanamu ya rais mwingine, McKinley. Mwalimu wa Kiingereza wa kanisani alimweleza kwamba huyo, alipokuwa gavana, kila asubuhi aligeuka barabarani kumvulia kofia mkewe mgonjwa aliyekaa dirishani. Donati aliipenda hadithi hiyo mno.

"Huyo ni mtu," Ferdinandi alikiri. "Akaishia wapi?"

"Alipigwa risasi. Buffalo."

"Basi usithubutu kwenda Buffalo!"

Walicheka wote wawili. Kilikuwa kicheko chao cha mwisho kabla ya lori. Mwishoni mwa 2012 kambi ya Mtabila ilifungwa, na Warundi wakaamriwa kurudi kwao. Ferdinandi alipiga simu mwenyewe, kitu ambacho hakuwahi kufanya.

"Lori, mdogo wangu. Wametuletea lori." Nyuma yake mkewe, Delfina, alisikika akiwaita watoto mmoja mmoja kwa majina. Kisha simu ikakatika.

Mwaka uliofuata Donati alikwenda Buffalo, hakuwa na budi. Binamu yake alikuwa amempatia nafasi katika kiwanda kimoja cha Tonawanda, kando ya mji huo, cha kumimina mpira wa moto kwenye kalibu. Joto la humo lilikausha hata mate. Wakati wa mapumziko wafanyakazi walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, na Bahizire, Mkongomani wa Bukavu, akaanzisha mchezo.

"Bon, mzee Donati, leo unatuletea président gani?"

"Bush. Yeye ndiye aliyetuleta sisi."

"Donc ule wa vita? Aah, mzee! Miye nililetwa na Obama. Obama iko baba yangu."

"Baba yako amewarudisha wangapi Meksiko? Hebu waulize wale wanaofagia pale."

"Mzee, weye unapenda kuharibia watu chakula!"

Kila mtu alimtetea aliyemleta. Donati alicheka nao, lakini moyoni alikuwa na kitu alichokificha. Florida, aliyekuwa sekondari, alikuwa ameandika insha ya kulinganisha marais wawili, akamsomea baba yake mezani. Taylor alipokufa, makamu wake Fillmore alishika kiti, na Fillmore amezikwa hapahapa Buffalo. Alisaidia kuanzisha chuo kikuu cha mji, hospitali pia. Hakuwahi kumiliki mtumwa hata mmoja. Lakini ndiye aliyetia sahihi sheria iliyosema kwamba mtumwa aliyetoroka akamatwe popote alipo, arudishwe kwa bwana wake, na anayemficha aadhibiwe.

"Akamatwe hata huku, ambako hapakuwa na utumwa?" Donati aliuliza.

"Hata huku, baba."

Donati hakulala vizuri. Aliyemiliki watu alikataa utumwa usienee, na asiyemiliki mtu akawarudisha waliotoroka! Hii inaeleweka vipi? Na je, chuo na hospitali vinaweza kumfutia mtu jambo kama hilo? Alimwomba Florida asilitaje kwenye simu na baba mkubwa. Ferdinandi angesema, si nilikwambia?

Mei 2015 Burundi ilichafuka tena, watu wakakimbia. Simu iliyoita wakati wa mapumziko ilitoka Kagunga, kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, upande wa Tanzania, chini ya mlima, ambako maelfu walilala wakisubiri meli.

"Mdogo wangu," Ferdinandi alisema, "nimechoka kukimbia. Umeshinda. Nitafutie njia nije."

Miaka minane Donati alikuwa akiyangojea maneno hayo. Aliomba ruhusa kazini, akaenda kwenye ofisi ya wakimbizi mjini. Mama mmoja mpole alimsikiliza mpaka mwisho. Mpango wa watu wa sabini na mbili ulikwisha zamani, alisema. Sasa kaka yake aandikishwe kambini upya, asubiri kama wengine. Miaka mingi. Pengine isiwezekane.

Alipopiga tena, kipindupindu kilikuwa kimeingia ufukweni, na sauti ya Ferdinandi ilikuwa imekonda.

"Wanasemaje?"

Badala ya kumjibu, Donati akamsimulia habari za Fillmore, zote, chuo na hospitali na sheria. Kisha kule ng'ambo kukasikika kicheko, kikavu, kikageuka kikohozi, kikarudi kuwa kicheko.

"Si nilikwambia! Nani ameshinda?"

"Wewe, kaka."

"Sema kwa nguvu, Delfina asikie."

"Umeshinda wewe, kaka!"

Ferdinandi alivuta pumzi. "Basi njia hakuna," alisema, na hakuwa anauliza.

Simu iliyofuata ilikuwa ya Delfina.

"Shemeji, kaka yako ametutoka alfajiri. Tumemzika papa hapa juu ya ufuko. Kesho tunapandishwa meli kwenda Kigoma, halafu kambi ya Nyarugusu."

Donati alisimama kando ya mlango wa kiwanda, mkono mmoja umeshika ukuta. Ndani Bahizire na wenzake walikuwa wakibishana kuhusu nani angegombea mwaka unaofuata.

"Shemeji, mwekee jiwe. Kubwa. Tuje tulijue kaburi."

"Nimetafuta, shemeji," Delfina alijibu. "Watu ni wengi. Mawe yote yameshachukuliwa."