Zohali na Mirihi katika Nyumba ya Saba

Mume wangu alikuwa mchuuzi wa samaki wakavu. Alinunua Todonyang, kando ya ziwa, akauza Kakuma kwa akina mama wa Sudan Kusini walio katika kambi ya wakimbizi, na alipofika kwetu Lodwar alinuka ziwa hata baada ya kuoga. Mwezi wa Machi samaki waliadimika nchi kavu, akapanda mashua na wavuvi kuwafuata majini. Siku hiyo risasi zililia upande wa mpakani. Mashua tatu zilirudi. Yake haikurudi.

Nilikwenda polisi nikaandikisha. Nilikwenda kanisani, tukafunga siku tatu. Mama mkwe alishuka kutoka Kaaleng, akamwendea emuron, mtabiri wetu, ambaye alirusha makubazi yake chini, akayatazama yalivyoanguka, akayavaa na kuondoka bila neno. Shemeji yangu mkubwa ndiye aliyesema.

"Shemeji, ziwa halirudishi mtu. Nyoa nywele, tumlilie ndugu yangu."

"Niletee mwili kwanza," nilimjibu.

Wakati huo nilikuwa mpishi katika kambi ya wajenzi wa barabara, nje kidogo ya mji. Mpimaji wao mkuu alikuwa Mhindi wa makamo, mtu wa India kwenyewe, mpole, asiyekula nyama. Kila asubuhi kabla ya chai alifungua kompyuta yake na kutazama nyota kwa elimu ya kwao, ile ambayo babu yake alimfundisha. Madereva walimpelekea tarehe zao za kuzaliwa wakicheka. Mimi sikuwahi. Asubuhi moja niliweka kikombe mezani, miguu ikakataa kuondoka.

"Bosi, mume wangu yuko hai?"

Alivuta kompyuta karibu. "Mama, alizaliwa lini? Na saa ngapi?"

Kitambulisho kilisema tarehe mosi Januari, kama vya wenzetu wengi ambao karani aliwajazia tu. Alitikisa kichwa. "Bila saa, mimi ni kipofu."

Jioni nilimuuliza mama mkwe. Alifikiri sana. "Mwezi siujui. Mvua ndogo zilikuwa hazijanyesha. Nilijifungua nje, ngamia wamelala bado, na nyota mbili kubwa zilikuwa ndiyo kwanza zimepanda kilimani, karibu karibu hivi." Akanionyesha vidole viwili vilivyokaribia kugusana. "Wanawake walisema mtoto ameletewa macho mawili."

Nilipomsimulia Mhindi, alirudi nyuma mwaka kwa mwaka katika kompyuta, mpaka akapata Oktoba moja ambayo Zuhura na Mshtarii walichomoza pamoja kabla ya mapambazuko, wameshikamana. Alipiga meza kwa furaha. Kisha akaniona uso, akaona haya.

Alichora mraba, akaugawa vyumba kumi na viwili. Kila chumba, alisema, ni nyumba ya jambo fulani la maisha, na hesabu huanzia kwenye kundi la nyota lililokuwa likichomoza mtoto alipozaliwa. La mume wangu lilikuwa Simba. Akahesabu kwa kidole hadi nyumba ya saba, Ndoo, na hapo kidole kikasimama.

"Sasa hivi Zohali na Mirihi wamo humu wote wawili," alisema. "Zohali hukawiza. Mirihi hukata."

"Na hii ni nyumba ya nini?"

"Ya ndoa. Ni wewe, mama. Wamekaa kati yako na yeye."

"Atarudi?"

Alitazama tena mraba wake. "Mirihi atatoka Ndoo mwishoni mwa Aprili. Subiri mpaka hapo. Usiamue chochote kabla."

Nilizishika siku hizo kama mtu anayening'inia kwenye kamba. Kila alfajiri nilitoka uani na kutazama mashariki. Nyota zile mbili nilizijua, moja nyekundu kidogo, nyingine imefifia, na kila siku zilisogeleana. Mimi ni Mkristo, lakini nilizisihi. Niliziambia, basi, inatosha, ondokeni. Shemeji aliporudi na habari yake ya kunyoa, nilimpa jibu la Mhindi.

"Umemwacha Mungu, umemwacha emuron," alisema, "sasa unafuata kompyuta?"

Katikati ya Aprili simu ililia. Ni mama mmoja wa Sudan Kusini, mteja wa mume wangu kule Kakuma.

"Mama, kuja haraka," alisema. "Iko mtu hospitali ya kambi. Ametoka mpaka. Ni Mturkana, hasemi kitu. Urefu ni ule ule wa bwana yako."

Nilifika kabla ya saa sita mchana. Mama yule alinishika mkono tukaingia wodini. Nilianza kulia kabla sijafika kitandani, kwa sababu miguu iliyotokeza nje ya shuka ilikuwa mirefu kama yake. Nikaona uso. Hakuwa yeye.

Mtu yule alinitazama, midomo ikacheza, akanyoosha mkono. Nilimpa wangu. Sijui alidhani mimi ni nani. Nilikaa naye mpaka wakati wa wageni ukaisha, maana pengine kulikuwa na mke wake mahali fulani aliyekuwa akiomba mtu yeyote afanye hivyo.

Nilirudi kazini. Mirihi alitoka Ndoo. Siku ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. Ya sita nilisimama mbele ya Mhindi bila chai.

"Niambie ulichoona siku ile. Chote."

Alifunga kompyuta. "Nyumba ya saba ni ya ndoa," alisema polepole. "Lakini kwa wazee wetu ni pia nyumba inayoua. Wawili hao wakikutana humo, ni vibaya. Nilijua tangu siku ile. Labda nimekosea kusoma, mama. Nilitaka uwe na siku chache."

"Siku zangu ulizihesabia wewe?"

Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, nami sikumhurumia. Nilitaka kumpiga. Ila nilijua pia kwamba bila siku zile ningeanguka mwezi wa Machi, wanangu wakiniangalia.

Nilikwenda nyumbani. Mama mkwe alikuwa amekaa kivulini, akaniona, akaelewa. Hakuuliza nyota zimesema nini. Alileta maji na wembe, akanikalisha katikati ya magoti yake. Alininyoa akilia kwa sauti, na majirani wakaja.

Mwili hatukuupata mpaka leo. Siku ile watoto walipotoka shule walisimama mlangoni. Kitinda mimba wangu alikuja akanigusa kichwa kwa kiganja, akauliza kama nimeumia.

"Ndiyo," nikamwambia.