Mapipa ya Mkulo

Siku yangu ya kwanza kazini niliwekewa bilauri tano mezani, nikaambiwa niseme zipi si maji. Zote zilionekana maji. Nilikuwa nimeteremka kutoka Vudee, kijijini kwetu milimani, asubuhi ile, vumbi la njiani bado limo kwenye nyusi, mkononi nina barua ya mwalimu wangu iliyosema kwamba najua kusoma, kuandika na kutulia. Hilo la mwisho aliliongeza kwa huruma tu. Kutulia sijawahi kukujua.

Nilinusa bilauri moja baada ya nyingine. Ya pili ilikuwa na tone la siki. Ya nne ilikuwa na kitu kitamu kilichokaribia kuoza, kama ndizi iliyosahauliwa darini. Nikasema hivyo. Mkemia Mkuu, mtu mfupi wa kutoka ng'ambo, mwenye kaptula na soksi ndefu, aliandika kitu, kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake cha mashambani:

"Wewe nakunywa pombe?"

"Hapana, Bwana. Baba yangu ni mwinjilisti."

"Basi wewe ndiyo natafuta," akasema. "Mlevi hapana jua pombe. Yeye najua kiu yake tu."

Ulikuwa mwaka wa pili baada ya Uhuru. Shamba lile la mkonge lilikuwa uwandani chini ya milima yetu, upande wa Bendera, mistari yake imenyooka hadi macho yanachoka kabla haijaisha. Wakataji walikuwa watu waliotoka mbali, Kigoma, Songea, Singida, na kila mmoja alikuwa na namna yake ya kulalamikia joto letu. Ninyi mnaosoma haya mnajua mkonge kwa kamba na magunia. Sisi tulikuwa na kiwanda kidogo nyuma ya bohari, na kazi yake ilikuwa ile sehemu ya mkonge ambayo wengine waliitupa: kisiki, bonge la katikati linalobaki majani yakishakwisha kukatwa. Tulikioka shimoni hadi kikawa laini na kitamu kama kiazi kilichoungulia kidogo, tukakiponda, tukaacha maji yake yachachuke, ndipo tukakeneka. Kukeneka ni kuchemsha kitu, kuukamata mvuke wake na kuupoza uwe maji tena. Yanayotoka mwanzo yanaitwa kichwa. Yanachoma pua kama rangi ya mlango, na humwagwa. Yanayotoka mwisho ni mkia, yananuka kitambaa kibichi, na hayo pia huondolewa. Kinachobaki katikati ni moyo. Moyo ndio uliowekwa kwenye pipa la mbao, ukaachwa miezi kadhaa.

Mkemia Mkuu aliwahi kufanya kazi Meksiko, kwenye nchi ya binamu wa mkonge wetu, na kabatini alikuwa na chupa aliyoifungua mara moja tu kila mwezi. Ilikuwa tekila, pombe ya binamu huyo, ya rangi ya majani makavu, ambayo wenyewe huiita iliyopumzika kwa kuwa imekaa pipani. Nilidhani ni kinywaji cha wafalme. Alicheka. Alisema huko Meksiko hiyo hununuliwa na mafundi wa reli na wauza nyama, na ndiyo maana aliichukua iwe kipimo chetu.

"Chupa ya tajiri nasifiwa kwa jina," alisema. "Hii hapana jina. Watu nasema nzuri, basi nzuri kweli."

Kwa chupa hiyo nilifundishwa kazi. Kwanza jicho: inamisha bilauri, tazama michirizi, tuliyoiita mafuta, inavyoteremka ukutani mwa bilauri, polepole au kwa pupa. Kisha tikisa kichupa na hesabu shanga, yaani mapovu madogo yanayojipanga juu; yakidumu, nguvu ipo, yakipasuka upesi, kuna maji mengi. Kisha pua, mara tatu, na kati ya mara na mara unanusa kiwiko chako mwenyewe ili pua isahau. Mwisho ulimi. Unakizungusha kinywaji mdomoni, unakitema koponi, unahesabu hadi thelathini, na kinachobaki baada ya thelathini ndicho unachokihukumu. Mkemia alikuwa na maneno ya kwao kwa kila ladha. Mimi niliandika ya kwetu: muwa uliochomwa, tangawizi mbichi, pilipili manga, asali ya nyuki wadogo, ubao wa dawati jipya. Alisoma daftari langu akasema niendelee hivyo hivyo. Miaka yote ile sikumeza hata funda moja.

Baba hakuliamini hilo. Wala hakunigombeza. Alimtuma shangazi aniambie kwamba siku nitakapoiacha kazi ya pombe, mlango uko palepale ulipokuwa. Nikakaa miaka mingi sijapanda Vudee. Jumapili nilitembea kando ya reli hadi miguu iume, nikarudi, nikapanga upya vitu vya chumba changu ambacho kilikuwa na kitanda na kiti tu. Milima ilionekana kutoka dirishani. Nilihamisha kitanda ili nisiione, kisha nikakirudisha.

Baada ya Azimio la Arusha shamba likawa la umma. Mkemia Mkuu aliondoka na masanduku mawili, akaniachia ile chupa na bilauri zake. Akaja Meneja Mkuu, mtu wa kanda ya ziwa, mrefu, msikivu, ambaye hakupiga kelele lakini alikuwa na desturi ya kurudia swali lile lile hadi ujibu. Siku ya kwanza alituita sote, akasema anataka kinywaji ambacho mwendesha korona, ile mashine ya kukwangua majani ya mkonge, anaweza kukinunua siku ya mshahara na asione haya kukiweka mbele ya mkwewe. Nilimpenda kwa neno hilo.

Lakini mapipa yalikuwa yamezeeka. Yalikuwa ya mwaloni, mti usioota kwetu, na fedha za kigeni za kuagizia mengine hazikuwepo. Fundi wa mapipa alikuwa Elieza, mtu wa Mhezi, huko huko milimani kwetu, mwenye vidole vinane na ulimi wa watu wawili. Ndiye aliyeniita Binti Mwinjilisti, na kila alipopita chumba cha kuonjea alichungulia akauliza kama leo nimemeza. Alipoambiwa mwaloni haupatikani alinyanyua mabega.

"Mwaloni ni mti wa watu waliokosa mkulo," alisema.

Akapanda kwao na kurudi na mbao za mkulo kutoka msitu wa juu ya Chome. Kwetu milimani hakuna mti uliouzidi. Haupekechwi, hauozi, na mtu akitaka sanduku la bibi arusi litakalorithiwa na mjukuu, atatafuta mkulo. Elieza alitengeneza mapipa kumi na mawili, akayababua ndani kwa moto, akayakaza kwa pete za chuma. Hakuna lililovuja. Meneja Mkuu alimshika mkono mbele ya wafanyakazi wote na kusema huku ndiko kujitegemea.

Tuliupumzisha moyo mle miezi tisa. Siku ya kuonja nilikuwa peke yangu chumbani, nje korona zinanguruma. Rangi ilikuwa nzuri, ya chai hafifu. Shanga zilidumu. Nikaweka pua.

Sikunusa kinywaji. Nilinusa sanduku la mama.

Mama alikuwa amefariki nikiwa darasa la sita. Sanduku lake la mkulo lilikaa kando ya kitanda, na ukilifungua ilitoka harufu ile kali, safi, yenye kafuri, pamoja na kanga zake za Jumapili. Nilinusa mara ya pili, ya tatu. Kiwiko nilikisahau. Nilipotema na kuhesabu hadi thelathini, ilikuwa bado imejaa mdomoni, na mimi nilitaka ibaki. Niliandika: imefaulu. Nikaonja mapipa yote kumi na mawili, na kila moja nikaliandikia hivyo. Elieza alipokuja kuchungulia nilimwambia kazi yake ni njema. Siku hiyo tu ndiyo aliondoka bila kuuliza kama nimemeza.

Mzigo ulikwenda kwa wanunuzi wa pwani. Baada ya majuma machache ukarudi wote, na barua ya mstari mmoja: kinywaji kinanuka dawa ya kuchua.

Meneja Mkuu alituita ofisini, Elieza na mimi. Barua ilikuwa mezani. Siku hizo kulikuwa na neno hujuma, na mtu aliyeitwa mhujumu hakufukuzwa kazi tu; neno lilimfuata hadi kijijini kwake, kwenye foleni ya duka la ushirika, kwa watoto wake shuleni. Elieza alikuwa na watoto watano. Alisimama na kofia mkononi.

"Nani alileta mbao hizi?" aliuliza Meneja.

"Mimi, Ndugu Meneja."

"Nani alileta mbao hizi?"

Nilielewa anakokwenda. Akirudia mara ya tatu, lile neno litafuata. Na nilielewa pia kwamba nikikaa kimya hakuna atakayenigusa. Mwonjaji wa pekee alikuwa mimi, na nani angejua nilichokinusa?

"Mbao ni zake," nikasema, "lakini pua ni yangu. Kazi ya fundi ni pipa lisivuje, na halikuvuja. Kazi ya kusema ilikuwa yangu."

Alinigeukia. "Ulinusa?"

"Nilinusa."

"Kwa nini ukaandika imefaulu?"

Nilitafuta neno la kitaalamu. Nilikuwa nayo mengi wakati huo.

"Ilinuka kwetu, Ndugu Meneja," nikasema.

Aliitazama barua kana kwamba imeongezewa mstari wa pili. Sijui alikumbuka nini cha kwao. Hatimaye alisema Fundi arudi kazini, atafute mti usio na harufu. Mimi nitoke chumba cha kuonjea mwaka mzima, nikahesabu mafungu kwenye korona, na kabla ya hapo nichukue likizo, kwa sababu mtu asiyejua anakosa nini moyoni hawezi kupewa bilauri.

Nilipanda Vudee kwa miguu kutoka barabarani. Baba alikuwa mlangoni akimenya maharage. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia mara moja. Shangazi alikuwa amekwisha kumsimulia, maana habari za uwandani hupanda mlima upesi kuliko lori.

"Ulisema kweli mbele ya mkubwa wako?"

"Nilisema, baba."

"Na kazi ile bado unayo?"

"Nimeondolewa mwaka mmoja. Nikiitwa nitarudi."

Akamenya ganda moja, la pili. "Marahaba," akasema. "Ingia."

Niliitwa, nikarudi, nikaonja hadi kiwanda kilipofungwa na mimi nikastaafu. Elieza alipata mti mwingine, mwepesi, usio na majivuno. Hakunishukuru. Ila alibomoa pipa moja la mkulo na kunitengenezea kisanduku cha madaftari, akakileta akisema hakivuji, nijaribu kukitia pombe.

Ninyi mtakaofanya kazi ya kuhukumu, iwe pombe, iwe kahawa, iwe watu, nawaachia desturi moja niliyoianza mwaka ule. Kabla ya kugusa bilauri niliandika juu ya ukurasa kile ninachokikosa na kukitamani siku hiyo. Mvua. Sauti ya fulani. Uji wa nyumbani. Nikishaandika, nilijua ni kipi nisikiamini kikinijia puani.

Mwezi uliopita binti wa ndugu yangu, anayefanya kazi hotelini Arusha, aliniletea chupa ya tekila iliyopumzika. Alitangulia kuomba radhi kwamba si ya bei kubwa. Nikamwambia hiyo ndiyo chupa inayohukumika. Nikatoa bilauri ya Mkemia. Daftari nalo lilikuwa limepigwa upepo barazani tangu asubuhi, maana lina harufu ya kisanduku cha Elieza. Rangi ilikuwa ya majani makavu. Mafuta yaliteremka bila pupa. Nikafungua ukurasa mpya, nikashika kalamu, nikaanza kuandika ninachokikosa.

Alisubiri kwa adabu. Kisha akauliza, "Shangazi, ni nzuri?"

Nilimwambia asubiri kidogo. Ukurasa ulikuwa umejaa, na mimi ndiyo kwanza nilikuwa naugeuza.