Mteja Anataka Nikafunge Springi Juu ya Shimo Nililochimba Mwenyewe

Leo ni Jumapili, katikati ya mwezi wa Juni. Ni miaka kumi na saba na miezi mitano tangu niondoke katika mji mmoja wa Bonde la Ufa ambao sitautaja. Admin, nifichie jina, na la binti yangu pia, maana wenzake husoma ukurasa huu. Nina miaka sabini na mmoja, ni mgane, na naishi Donholm, upande wa Eastlands jijini Nairobi, na huyo binti, kitinda mimba wangu.

Kule nilikuwa na gereji ya malori. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika, majirani walitupa hadi saa nane mchana tuwe tumeondoka, na saa nane ilipofika gereji ilikuwa inawaka. Sisimulii zaidi. Siku hizi nikikumbuka sisikii chochote, kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Hapa Eastlands nilianza upya kama kibarua katika gereji za watu. Miaka sita iliyopita nikaanza kuunda kitu nilichokifikiria tangu ujana: seti ya springi za kuongezea lori, pamoja na raba za kuzuia chuma kugonga chuma, inayofungwa bila kutoboa fremu. Seti tatu za kwanza zilipasuka. Ya nne ilipinda. Binti yangu aliacha kazi ya ofisi akashika mambo ya vibali, upimaji na kutafuta wateja. Wa kwanza kuijaribu alikuwa dereva wa lori la mayai, ambaye kila safari alifika Nairobi trei kadhaa zikiwa uji mtupu. Aliporudi alianza kupiga kelele kabla hata hajazima injini: "Mzae! Hii ndai, hii lori yangu, sasa inatembea ni kama imevaa soksi! Hata kuku mwenyewe hawezi beba mayai hivi!" Binti yangu alicheka mpaka akatokwa na machozi.

Mwezi uliopita alipatikana mtu mwenye malori kumi na mawili. Anataka yote yafungwe seti yetu, na akiridhika atakuwa wakala wetu katika Bonde la Ufa lote. Sharti lake ni moja: niende mimi niliyeibuni, nikae wiki sita kwenye yadi yake, niwafundishe mafundi wake. Binti amezunguka miaka miwili na hajapata mwingine kama huyo.

Akatutumia picha ya yadi tuone kama nafasi inatosha. Katikati pana shimo la kukagulia magari, na kwenye ngazi zake pana vipande vya sahani ya buluu. Vipande hivyo alivigandamiza marehemu mke wangu kwenye saruji mbichi, ili nisiteleze nikiwa na mafuta viatuni.

Nilimpigia mteja simu. "Shimo zuri hilo," nikamwambia. "Nani alilichimba?"

"Ah, hilo ni la zamani, mzee wangu. Nilikuwa bado shule. Kulikuwa na fundi fulani wa huko magharibi, lakini nasikia alihama."

Alihama. Kijana hana kosa. Aliinunua yadi kwa mtu aliyeinunua kwa mtu. Ana adabu, na ameahidi kunichinjia mbuzi siku nikifika. Nikamjibu, "Haya, sawa," nikakata simu.

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na miwili tulipoondoka. Nilipomwonyesha zile ngazi na kumwambia siendi, aliikuza picha, kisha akanirudishia simu.

"Baba, ni shimo tu. Lori haliulizi nani alichimba."

"Najua."

"Sasa nimwambie nini? Kwamba babangu ameshindwa kushuka ngazi? Tukimkosa huyu tutabaki kufungia watu wa mayai na wa nyama hapo soko la Burma mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka."

"Usinifanyie mzaha, Baba. Angalau kasirika!"

Sikuweza kukasirika. Nadhani hilo ndilo lililomuumiza. Tangu siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji wa ploti moja, na mteja anataka jibu Ijumaa.

Nimewafundisha mafundi wetu wawili kila ninachojua, hata kusikiliza springi kwa mkono. Mteja hawataki, ananitaka mimi. Sijui kama nimpigie nimwambie kwamba yule fundi hakuhama, na kwamba ndiye anayeongea naye. Huenda akawakubali vijana, au akaona aibu akatukimbia kabisa. Na sijui nizungumze vipi na binti yangu, aliyeacha kazi kwa ajili ya chuma changu, asidhani nimelipenda shimo kuliko yeye. Ninyi mlio na wazazi waliong'olewa kwao, mngependa mwambiwe kwa maneno gani? Niandikieni, nitasoma kila jibu.

Msinishauri juu ya safari. Kule sitarudi.